Kamera ya Pili na Mpiga Ngoma wa Radi Kavu

Mmeniomba, ninyi mliobaki kazini, niandike namna tulivyokuwa tukipiga picha za bendi. Nimekubali kwa sababu nimestaafu na nyumba imekuwa kimya, na kwa sababu mmoja wenu aliniuliza mbele za watu kama kweli zamani studio ilikuwa ikifukizwa udi. Ilifukizwa. Nitafika huko.

Jina langu ni Atija. Ni mzaliwa wa Palma, binti wa fundi cherehani. Nimekaa nyuma ya kamera ya televisheni pale Pemba tangu nikiwa msichana mpaka magoti yakaanza kulia kila ninapochuchumaa. Mambo ya vyeo siandiki. Waliopewa wanayajua, na walionyimwa wanayajua zaidi.

Siku ya kwanza alinipokea mestre Rachide, fundi wetu mkuu, mtu wa Mocímboa aliyeanza kwa kupiga picha za harusi kabla ya kushika kamera ya televisheni. Bendi moja ya vijana wa Pemba ilikuwa inapanga vyombo. Mestre, bila kugeuka, akaniambia: “Leta bateria.” Nikakimbia stoo, nikarudi nimekumbatia betri ya kamera, nzito kama jiwe la kusagia, jasho linanitoka. Wanamuziki wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Sikujua kwamba kwa Kireno cha pale kazini, bateria ni betri na bateria ni ngoma zile za bendi, zote jina moja. Alitaka ngoma.

Mestre hakucheka. Alinishika bega akanikalisha kwenye kigoda cha mpiga ngoma, akanipa vijiti.

“Piga.”

“Sijui, mestre.”

“Najua hujui. Piga nione mkono unaanzia wapi.”

Nikapiga kama anayetwanga. Akanionyesha kwamba mkono huanza kupanda mapema, bega likitangulia, kiwiko kikifuata, na mlio huja mwisho kabisa. “Mpiga kamera wa muziki akisubiri asikie, keshachelewa,” akasema. “Wewe tazama bega.” Nimefanya kazi yote kwa maneno hayo. Kozi nilizopelekwa Maputo ziliongeza mengine, na yalinifaa, ila hilo la bega sikulikuta kwenye kitabu chochote.

Sasa studio. Chumba kilikuwa kidogo kuliko darasa la shule. Ukutani tulitundika kaniki ili kionekane hakina mwisho. Watazamaji tuliwaleta kutoka bairu, mtaa wa jirani, tukawabananisha upande mmoja kama samaki kwenye tenga. Kamera ikipita juu ya vichwa vyao, aliyeko nyumbani aliona ukumbi mzima. Kisha tuliwahamisha upande wa pili, tukawaomba wabadilishane vilemba na kofia, tukawapiga tena. Kamera ya kutembea hatukuwa nayo. Tulifunga kamera juu ya chova, mkokoteni ule wa kubebea magunia, tukapunguza upepo wa magurudumu ili usirukeruke, na mtu mmoja akausukuma polepole huku amevua viatu.

Na moshi. Bendi zote zilitaka moshi, maana waliuona kwenye kanda za nje. Mashine yake hatukuwa nayo, basi tulifukiza udi na ubani kwenye vyetezo vinne nyuma ya kaniki. Picha ilipendeza kweli. Ila wanamuziki walitoka wananukia kama maharusi, na mke wa mmoja wao alikuja ofisini kuuliza mumewe ameoa wapi.

Jambo ambalo vijana hamtaliamini ni kwamba kwa miaka mingi hakuna bendi iliyopiga kweli mbele ya kamera zetu. Vipaza sauti vilikuwa viwili tu, na kimoja kilikuwa cha msoma habari. Kwa hiyo tuliweka kanda yao kwenye spika, nao wakaigiza. Gitaa lilikuwa na waya uliokwenda hadi nyuma ya pazia ukaishia hapo. Mwimbaji alifungua na kufumba mdomo. Shida ilikuwa ngoma, kwa sababu ngoma haina waya wa kuchomoa, ukiigusa inalia. Tulijaza mablanketi ndani ya ile kubwa, na kwenye visahani vya shaba tulibandika vipande vya mpira wa kandambili. Mkiona kwenye picha za zamani kamera imeng’ang’ania vidole vya mpiga gitaa muda mrefu, jueni mwimbaji alisahau maneno.

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya mpaka walipokuja Radi Kavu.

Radi kavu ni ile inayopiga bila mvua, na jina liliwafaa. Mwimbaji alikuwa Bacar, kijana wa Palma, wazazi wake wafanyabiashara wa kutoka ng’ambo ya Ruvuma. Gitaa la besi alishika dada yake, Muanacha, msichana mrefu aliyepiga akiwa amejifunga kapulana, kitenge cha kwetu, juu ya suruali ya jinzi, ili bibi yake akimwona kwenye televisheni asizimie. Mpiga ngoma alikuwa Tomás, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mtu wa maneno machache. Alikuwapo pia mpiga gitaa la solo, lakini hao walibadilika mara kwa mara, kila mmoja akienda Maputo kutafuta umaarufu. Muziki wao ulikuwa roki, magitaa yanayonguruma, lakini ukiusikiliza chini yake ulikuta mapigo ya kwetu.

Walipofika studio, mestre Rachide akawaeleza habari ya mablanketi. Tomás akaitazama ngoma iliyoshindiliwa blanketi kama mtu anayeangalia mgonjwa.

“Mestre, mimi siwezi kupiga uongo.”

“Wote hapa wanapiga uongo, mwanangu. Ni kazi tu.”

“Wao wanaweza. Mkono wangu haujui.”

Tukajaribu. Kweli, haukujua. Akigusa kwa upole anapotea, akipiga kweli kanda haisikiki. Mestre akafikiri, kisha akaenda mwenyewe kuchukua kipaza sauti cha msoma habari. Viwili vyote tukavielekeza kwenye ngoma. Wengine wakaigiza juu ya kanda iliyopigwa kwa sauti ya chini, na ngoma ya Tomás ikarekodiwa kweli. Nusu uongo, nusu kweli, na jioni ile watu wa Pemba walitoka nje na kuulizana ni nini kilichowagonga kifuani. Msoma habari hakusema nasi wiki nzima.

Baada ya hapo Radi Kavu walipaa. Nyimbo zao zilivuka mto, zikaimbwa Mtwara na Lindi. Uliopendwa kuliko zote ulikuwa wimbo wa mzaha, wa mume mlevi aliyechelewa kurudi na mkewe akafunga mlango. Bacar anabisha: “Hodi, hodi wenye nyumba!” na Muanacha anamjibu kwa maneno makali kabla ya kumwambia karibu. Harusi gani haikupigwa wimbo huo!

Tulipewa kazi ya kuupiga picha katika kisiwa cha Vamizi. Tulibeba ngoma, magitaa na kamera kwa boti ya injini, tukashusha mchangani, pazuri ajabu. Ndipo walinzi wa kisiwa wakaja kwa adabu kutuambia kwamba kasa wametaga mayai pale karibu, kwa hiyo kelele haziruhusiwi. Bendi ya roki, na kelele haziruhusiwi! Shefe wetu Elias, mwongozaji aliyekuwa bado kijana na mwenye haraka, akakaribia kulia. Mwishowe tuliwasha redio ndogo ya kanda, Bacar akaifunga kiunoni chini ya shati, ikimwimbia yeye na aliye karibu naye tu. Tomás akafunga vitambaa kwenye vijiti. Lakini alikaa mbali nyuma na redio haimfikii, basi atajuaje mapigo? Muanacha akasema: “Tazama mguu wangu wa kulia. Mimi nipo karibu na Bacar, nasikia. Nikikanyaga, piga.” Ikawa hivyo. Walirukaruka mchangani katika ukimya mtupu, wanatikisa vichwa, na watalii wawili waliopita wakadhani wanaona tambiko. Mkiitazama picha hiyo leo, hakuna kinachoonyesha hayo. Mapigo yamekaa sawasawa.

Mestre Rachide aliniachia kamera ya pili mwaka uliofuata, macho yake yalipoingia ukungu. Kamera ya pili ndiyo ya karibu, ya nyuso na mikono. Alifariki Mocímboa, nyumbani kwake, kabla ya yote yaliyokuja, na mara nyingi nimeshukuru kwamba hakuyaona.

Yaliyokuja mnayajua, na wengi wenu mliyapitia. Miaka ile muziki ulikuwa umelegea. Radi Kavu walitawanyika kutafuta riziki. Bacar alirudi kwenye duka la baba yake. Tomás alipata kibarua cha jikoni kwenye kambi ya gesi ya Afungi, akipika kwenye masufuria makubwa kama pipa. Vita vilipoingia Palma, yeye alikuwa mjini siku ya mapumziko. Alikimbia na watu kupitia njia ya Pundanhar, kwa miguu, akafika Mueda baada ya siku nyingi amevimba nyayo. Hayo tuliyasikia. Lingine hatukulisikia.

Watu walipoanza kurudi Palma, na mabati yakaanza kung’aa tena juu ya nyumba, televisheni ikaamua kurusha muziki kutoka uwanja wa mpira wa mjini, moja kwa moja, bila kurekodi kwanza. Radi Kavu waliombwa wakutane tena. Kwangu mimi ilikuwa kazi kubwa ya mwisho, na ilikuwa nyumbani. Nikasafiri na gari la matangazo kutoka Pemba, nimekaa katikati ya nyaya, na nilipoona minazi ya kwetu nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Nielezee kidogo jukwaa lilivyokuwa, maana ndipo mambo yalipo. Lilipangwa upande wa mashariki wa uwanja ili jua la alasiri liwapige wanamuziki usoni. Jua ni taa ya bure, ila halipokei amri. Tulikuwa na jeradori mbili, au jenereta kama wasemavyo Mtwara. Moja ilikuwa yetu, ya gari, kamera na vipaza sauti vya matangazo. Nyingine ilitolewa mjini, ya magitaa na spika kubwa za uwanjani. Kamera ya kwanza ilikaa mbali katikati, ikiona kila kitu. Mimi na ya pili tulikuwa chini, mbele ya jukwaa. Ya tatu alikuwa nayo binti wa kazini kwetu, Lúcia, begani, akitembea kati ya watu.

Asubuhi tulifanya mazoezi. Bendi ilikuwa nzuri, imara kama zamani. Kisha shefe Elias, ambaye sasa nywele zilikuwa zimeanza mvi lakini haraka ilikuwa ileile, akatoka garini.

“Muanacha, sogea mbele, simama bega kwa bega na Bacar. Watu wanataka kukuona wewe. Na hapa nyuma nitaweka moshi. Safari hii tuna mashine!”

Muanacha akasogea. Wimbo ukaanza. Baada ya kitambo Tomás akaweka vijiti chini.

“Arudi pale alipokuwa,” akasema.

“Kuna nini pale alipokuwa?” Elias akauliza, lakini aliuliza huku ameinamia karatasi zake, na Tomás hakumjibu. Alirudia tu: “Arudi.”

“Tomás, nakuuliza kwa nini!”

Bacar akakasirika. “Kaka, miaka yote hii hujapiga, umekuja na masharti? Yupo mpiga ngoma kijana wa Pemba, amefikia hapa mjini, anasubiri simu yangu.” Tomás akamtazama usoni, akainuka, akashuka jukwaani kwenda kivulini nyuma ya gari.

Mafundi wakaanza umbea. Fundi wa sauti akaniambia: “Mamã Atija, huyu anampenda dada wa watu. Hutaki kuona? Macho hayambanduki.” Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimemvuta karibu kwa lenzi asubuhi nzima, na kweli macho yake hayakumbanduka Muanacha. Lakini mwanamume anayependa hatazami kisigino.

Wakati wa chakula nikachukua sahani mbili za shima, ugali wa kwetu, na samaki wa nazi, nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye boksi, mgongo kwangu. Nikamwita: “Tomás.” Nikamwita tena, karibu. Jeradori zilikuwa zimezimwa. Hata kunguru walisikika. Nikagonga sahani kwa kijiko nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Kivuli changu kilipomfikia miguuni ndipo alipostuka, akatabasamu, akapokea sahani.

“Ahsante, dada Atija.”

Muanacha alikuwa ameniona. Akaja mbio, akanivuta kando kwa mkono.

“Dada, usiseme. Nakuomba.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile ya kukimbia. Kuna kitu kililipuka ukutani, pale alipokuwa amejibanza. Sikio la kushoto lilikufa palepale, la kulia likafuata taratibu. Sasa anasoma midomo, tena ukimwelekea. Bacar hajui. Mimi nimejua kwa sababu alinifuata akaniuliza: ule mguu wako wa Vamizi, bado unao?”

Nikarudi nikakaa mbele ya Tomás, nikasema polepole ili aone midomo yangu: “Kwa nini huwaambii?”

Alitafuna, akameza, akafuta mkono. “Wakijua watanionea huruma. Mpiga ngoma akipigiwa makofi ya huruma, amekwisha. Nyimbo hizi ninazo mikononi, dada. Ninachokosa ni mahali pa kuanzia na mwendo. Nipeni mguu tu.”

Nilikaa na sahani yangu hadi chakula kikapoa. Ilikuwa matangazo ya moja kwa moja. Akipotea, angepotea mbele ya nchi nzima na mbele ya mji uliotoka kwenye maombolezo. Na mimi ndiye niliyejua. Ningemwambia Elias, angeitwa yule kijana wa Pemba, au wangerudia ujanja wa zamani wa kanda, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilimtazama anavyokula, bega lake la kulia likipanda na kushuka kidogo kidogo, akipiga wimbo mzima ndani ya mwili wake, na mapigo yale hayakuwa na kosa.

Nikaenda kwa Elias.

“Shefe, Muanacha akae pale nyuma, hatua chache kushoto kwa ngoma. Hapo namba mbili ikikaa ubavuni mwa jukwaa inawapata wote wawili katika picha moja, yeye mbele, Tomás nyuma ya bega lake. Mbele atamfunika Bacar kwa kamera ya kwanza.”

“Na moshi?”

“Upepo wa alasiri unatoka baharini. Utaurudisha wote kwenye lenzi yangu. Utarusha ukungu.”

Zote zilikuwa sababu za kweli. Ile moja tu ndiyo sikuitaja. Elias alinitazama sana. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu, na nadhani alijua kuna jambo.

“Dona Atija, ukikaa huko ubavuni, jua litakuingia kwenye lenzi kwa kando, na uso wa Bacar hutaupata kabisa. Matangazo yako ya mwisho, utaishia kupiga visigino?”

“Nitapiga visigino.”

“Haya,” akasema. “Mamlaka ya wazee.”

Tulianza baada ya swala ya alasiri. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Wa Palma, wa Quionga, wafanyakazi wa Afungi na vitambulisho vyao shingoni, akina mama na watoto migongoni. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Nilikuwa nimepiga goti, nimeziba jua kwa kofia ya mtu, na kwenye kioo changu kidogo niliona kiatu cha Muanacha kikikanyaga mbao, na nyuma yake, ndani ya ukungu wa lenzi, uso wa Tomás umetulia.

Wa tatu ulikuwa wimbo wa hodi. Bacar alikuwa amefika kwenye ubeti wa pili pale jeradori ya mjini ilipokohoa na kuzima.

Spika zote zikanyamaza. Gitaa la solo likawa kelele ya nyuzi tupu. Besi ikatoweka. Bacar akabaki na mdomo wazi, akakigonga kipaza sauti, akatazama nyuma kama mtu aliyedondosha mtoto. Jeradori yetu ilikuwa inafanya kazi. Tulikuwa hewani, nchi inatazama. Kwenye vipokea sauti nikamsikia Elias akisema jina la Mungu kwa lugha mbili.

Tomás akaendelea kupiga.

Hakuwa na habari. Kwake yeye hakuna kilichobadilika. Nilimwona Muanacha amegeuka, macho yamemtoka. Kwa nukta moja kisigino chake kilibaki juu. Kisha akakirudisha chini. Akakanyaga, akakanyaga tena, vidole vyake vikicheza kwenye nyuzi zisizolia, kwa kuwa alijua akisimama yeye, Tomás naye atasimama. Yeye aliifuata ngoma kwa sikio, na Tomás akaufuata mguu kwa jicho, na kati yao wimbo haukuanguka.

“Namba mbili, baki na ngoma!” Elias akapiga kelele. “Usitoke hapo! Namba tatu, nipe watu!”

Sikuona kilichotokea nyuma yangu, nilikisikia. Kwanza sauti ya mama mmoja, kali, karibu na jukwaa: “Hodi!” Wengine wakacheka. Kisha upande wa goli wakaitikia, kisha kuta zote, mpaka uwanja mzima ukawa unaimba juu ya ile ngoma moja: hodi, hodi wenye nyumba. Wimbo wa mlevi na mkewe. Lakini wale waliokuwa wanauimba walikuwa wamerudi wakakuta milango imeng’olewa, na hawakuwa wanacheka tena. Bacar aliketi ukingoni mwa jukwaa na kulia waziwazi. Mimi nilijifuta macho kwa bega mara moja. Mtaiona picha inayumba kidogo. Sikuomba radhi.

Fundi aliifungua jeradori, akakuta mchanga kwenye mrija wa mafuta, ikawaka wakati wimbo unaisha. Wakapiga nyingine tatu, na kabla ya magharibi tulikuwa tunakunja nyaya.

Tomás alikuja akaniuliza kwa wasiwasi: “Nimeharibu? Mbona wimbo ulipoisha nilimwona Bacar amekaa chini?”

“Umeme ulikatika.”

“Lini?”

Nilipomweleza alicheka, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu hadi akajishika mbavu. Palepale, akiwa bado anacheka, akamwita Bacar na kumwambia kila kitu. Bacar akamshika uso kwa mikono miwili ili amwone vizuri. “Kwa hiyo asubuhi matusi yangu yote yamekwenda bure?” Wakakumbatiana. Yule kijana wa Pemba hakupigiwa simu.

Tomás alipiga na Radi Kavu msimu mmoja zaidi, watu wote wakijua na hakuna aliyempigia makofi ya huruma. Kisha akaacha kwa hiari yake. Alioa mwanamke wa Pundanhar aitwaye Ermelinda, wakafungua shamba la mihogo na ufuta huko. Nilipostaafu nilichukua nakala ya matangazo yale na kumfuata. Barabara ya Pundanhar mnaijua. Nilifika nimegeuka rangi ya barabara.

Ana televisheni ndogo inayotumia umeme wa jua. Ermelinda akafunga dirisha kwa kapulana ili tuone, Tomás akakaa karibu, kiganja kimoja juu ya sanduku lake, akiusikia mtetemo. Hakuwa amewahi kuitazama. Picha ilipofika kwenye wimbo wa tatu, kiganja kikastuka.

“Hapa,” akasema. “Hapa ndipo umeme ulipokatika. Besi imeondoka.”

Kisha zikaja picha za Lúcia, za watu. Siku ile, wimbo ule ukiendelea, Tomás hakuinua macho kutoka kwenye mguu wa Muanacha hata mara moja, kwa hiyo uwanja ukiimba hakuwa ameuona. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama midomo, akiisoma kama alivyozoea: ya kina mama, ya wazee, ya mlinzi mmoja mwenye kofia ya chuma mkononi.

“Dada Atija, hawa wanaimba?”

“Wanaimba.”

“Lakini Bacar amekaa. Gitaa hakuna. Wanamfuata nani?”

Ermelinda alitangulia kujibu. Alimgusa bega ageuke, akamwambia kwa midomo, polepole: “Wewe.”

Alirudisha macho kwenye kioo. Aliniomba nirudie, nikarudia, na mara hiyo hakutafuta kujiona mwenyewe. Alikuwa akitaja majina ya watu aliowatambua. Wimbo ulipokwisha akauliza kama kamera ya tatu ilipiga pia upande wa kulia wa uwanja, maana ukingoni mwa picha huko walionekana watu wengi, na angependa kuwaona na wao.

Ndiyo maana mmoja wenu alipokea simu yangu siku ile, ikikatikakatika kwa ubovu wa mtandao, nikiomba picha zote za kamera ya tatu, hata zile zilizotikisika.